Mazutu Hayahitaji Dawa ya Kubuni



Katika mji wa Kindu mashini ya mazutu si kitu cha anasa. Hiyo ndiyo isagayo mahindi na muhogo wa jamaa nyingi. Ndiyo isukumayo mashua katika mto Lualaba. Ndiyo iwashayo taa usiku katika nyumba ya uzazi, mkunga apate kuona anachofanya. Wako akina baba, kule Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya Alunguli, ambao mali yao yote ni mashini moja. Kwa mashini hiyo hulisha watoto na kuwalipia masomo. Siku inapokufa, nyumba nzima huingia katika taabu.

Mazutu hufika Kindu kwa safari ndefu. Huja kwa gari la moshi kutoka upande wa Kongolo, au kwa mto kutoka Ubundu, au kwa malori na pikipiki zinazopambana na matope. Kila yanapopakuliwa na kupakiwa tena, bei huongezeka, na mara nyingi uchafu huongezeka pamoja na bei. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu hutafuta njia ya kuyafanya yatoshe zaidi, au ya kuyatia nguvu.

Ndipo mashauri husikika sokoni na bandarini. Mmoja asema: "Tia mafuta ya taa kidogo, mashini itakuwa nyepesi." Wa pili asema: "Tia oili iliyokwisha kutumika, usiimwage bure." Wa tatu asema: "Mawese yawaka jikoni, kwa nini yasiwake katika mashini?" Wa nne atoa mfukoni vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Tena kila mmoja ana shahidi wake, yaani jirani aliyejaribu, na mashini yake ikanguruma vizuri siku ile ile.

Siku ile ile, naam. Lakini mashini haihukumiwi kwa siku moja. Juma hili twataka kuzipima dawa hizo moja moja, ili baba mwenye mashini, na mama anayetunza fedha za nyumba, wajue la kufanya.

Mashini hii hufanyaje kazi?

Bwana Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuendesha mashini yake mjini Augsburg mwaka 1897. Mashini ya esanse huwasha mafuta kwa cheche. Mashini ya Diesel haina cheche. Pistoni huigandamiza hewa mpaka nafasi yake yapungua mara 15, hata 20, na hewa hiyo hupata joto kali kupita digrii 500. Hapo pompa husukuma mafuta kwa nguvu nyingi kupitia tundu ndogo za enjektere. Yatoka kama ukungu, nayo huwaka yenyewe mara yanapoigusa hewa ile.

Sasa sikilizeni neno hili, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Ndani ya pompa mna mchi mdogo wa chuma unaopanda na kushuka katika kinu chake. Nafasi iliyo kati ya mchi na kinu haizidi sehemu chache za elfu ya milimeta moja. Unywele wa mtu ni mnene kuipita mara nyingi. Hakuna oili nyingine iwezayo kuingia humo na kuulainisha mchi huo. Mazutu yenyewe ni chakula cha moto, na mazutu yenyewe ni mafuta ya kulainisha chuma.

Kwa hiyo mtu atakaye kutia kitu kigeni ndani ya mazutu hana budi kujibu maswali matatu. Je, kitu hicho huwaka vema kwa joto la kugandamizwa? Je, huilainisha pompa? Je, hupita katika tundu za enjektere bila kuacha takataka? Dawa nyingi za sokoni hufaulu katika swali moja, zikashindwa katika mengine. Ndiyo sababu mashini hunguruma leo na kufa baada ya miezi, wakati ambapo mwenyewe amekwisha kusahau alichokitia.

Mafuta ya taa

Kwanza tuangalie jina. Huku Kongo, petrole ni mafuta ya taa, na mafuta ya pikipiki twayaita esanse. Lakini dereva atokaye Kenya au Tanzania akisema petroli, maana yake ni esanse. Neno ni moja, mafuta ni mawili! Mtoto aliyetumwa kununua kwa dereva mgeni aweza kurudi na kitu ambacho hukumwagiza. Afadhali kusema wazi "mafuta ya taa" au "esanse", wala mtu asikosee.

Desturi ya kuchanganya mafuta ya taa na mazutu ilikuwa na sababu yake katika nchi za baridi. Huko Ulaya, wakati wa baridi kali, mazutu huanza kuganda kama nta na kuziba chujio. Zamani madereva walitia mafuta ya taa ili yapate kupita. Lakini Kindu iko karibu digrii 3 tu kusini ya ikweta. Hapa mazutu hayagandi hata katika usiku wa baridi wa kiangazi. Tukiiga desturi hiyo twanywa dawa ya ugonjwa tusio nao.

Na dawa hiyo yaumiza. Mafuta ya taa ni membamba, wala hayalainishi kama mazutu. Mchi wasuguana na kinu chake, nafasi yaongezeka, na mafuta yavuja kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Dalili yake mafundi waijua: mashini huwa ngumu kuwaka, hasa ikiwa imezimwa nayo ingali na joto. Mwenyewe aonapo hivyo husema mazutu ni mabaya, akaongeza mafuta ya taa tena.

Wako pia wasiochanganya wenyewe, bali huchanganyiwa na mwuzaji. Ubaya huu hauko Kongo peke yake. Huko Tanzania watu wana neno lake hasa, kuchakachua. Mwaka 2010 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia nishati na maji, EWURA, ilianza kutia vinasaba katika mafuta, yaani alama isiyoonekana kwa macho, ili kuwakamata wachanganyaji. Mwaka 2011 serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, ili bei yake ikaribie ile ya dizeli na faida ya kuchanganya ipotee. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu iyo hiyo. Tazameni basi matokeo ya udanganyifu: hata mama maskini aliyetaka kujaza taa yake tu alilipa kwa ajili ya makosa ya wenye malori.

Esanse

Juu ya esanse tusitumie maneno mengi: isitiwe kamwe. Imetengenezwa ili isiwake kwa kugandamizwa, bali ingojee cheche. Ikiingia katika mashini ya mazutu huchelewa kuwaka, kisha hulipuka kwa kishindo kinachogonga pistoni kama nyundo. Tena haina ulaini wowote kwa pompa.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Mazutu hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la kupita digrii 50. Esanse hutoa mvuke huo wakati wowote, hata katika baridi ya barafu. Ukitia esanse kidogo katika pipa la mazutu, pipa hilo halina tena utulivu wa mazutu. Mvuke wake utatafuta moto popote ulipo, iwe sigara au jiko la makaa. Tusisahau Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakaribia, moto ukatokea, na zaidi ya watu 230 wakafa.

Akina mama, neno hili ni lenu pia. Mafuta ya taa yaliyowekwa katika bidoni iliyokuwa na esanse yaweza kulipua kibatari mezani, mbele ya watoto wanaosoma. Dondosha tone katika karatasi na kuiweka mbali na moto. Doa la esanse hukauka na kutoweka upesi. Mafuta ya taa hukaa muda mrefu zaidi. Ukisikia harufu kali ya esanse, usiyatie katika taa.

Na kama kwa makosa esanse imetiwa katika tangi la mashini ya mazutu, usiiwashe mashini, hata mara moja, hata kwa kujaribu. Toa mafuta yote, safisha tangi na mipira, kisha ujaze mazutu safi. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Kununua pompa nyingine ni kazi ya mwaka.

Oili, vidonge na pombe kali

Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi, maji na chembe za chuma zilizong'olewa katika mashini. Hata ukiichuja kwa kitambaa, chembe ndogo hupita. Hizo ndizo zinazokwaruza mchi wa pompa na kupanua tundu za enjektere. Atiaye oili hiyo airudisha takataka mahali penye hatari kupita pote.

Oili mpya ni jambo jingine, na wako mafundi wenye akili wanaoitetea. Wana sababu. Salfa ikiondolewa katika mazutu ili moshi usidhuru watu, mazutu hupoteza pia sehemu ya ulaini wake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa kidogo, sehemu 50 katika milioni, tangu mwaka 2015. Na mengi ya mafuta yafikayo mashariki ya Kongo hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Lakini watengenezaji walijua jambo hilo zamani. Wao wenyewe hutia dawa ya ulaini, kwa kipimo na kwa majaribio. Oili mpya kidogo huenda isiiue mashini ya zamani, lakini huacha majivu, nayo hudhuru chujio la moshi katika motokaa za siku hizi. Kuitia katika mazutu safi ni kutumia fedha bila faida.

Vidonge vya nondo ni naftalini. Wanaosema vinatia nguvu hawajui kipimo cha mazutu. Wataalamu walipotaka kupima wepesi wa mafuta kuwaka kwa kugandamizwa, walichagua setani iwe alama 100, kwa kuwa huwaka upesi. Na kwa alama ya sifuri walichagua methilinaftalini, ndugu wa karibu wa naftalini, kwa kuwa yakawia mno. Ajabu iliyoje, kumtwika mgonjwa kitu kilichochaguliwa kuwa mfano wa udhaifu!

Pombe kali ya kienyeji, yaani lotoko, ina maji mengi ndani yake. Haichanganyikani na mazutu. Hushuka chini ya tangi, na huko chini ndiko mpira wa mashini unakonyonya.

Mawese

Sasa tumefika penye swali gumu, na lenye heshima. Maniema ni nchi ya michikichi. Mtu aonapo mawese yakikaa sokoni bila mnunuzi, na mazutu yakikosekana bandarini, hana budi kuuliza: je, mti huu hauwezi kuendesha mashini yangu?

Swali hilo si la kipumbavu. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto ya Ufaransa iliendesha mashini ndogo ya Diesel kwa mafuta ya karanga, nayo ikaenda vizuri hata watu wachache tu wakatambua. Na jina la Kongo limo katika historia hii. Tarehe 31 Agosti 1937 Bwana G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi nchini Ubelgiji juu ya namna ya kuyageuza mafuta ya mimea, hasa mawese, yawe mafuta ya mashini. Mwaka 1938 basi lenye kutumia mafuta hayo lilibeba abiria kati ya Brussels na Louvain. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 1942 katika jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji. Leo mafuta ya namna hiyo huitwa biodizeli, na nchi nyingi huyatengeneza. Lakini habari ya kwanza kabisa ilikuwa habari ya mawese.

Angalieni vema neno moja: Bwana Chavanne hakumwaga mawese ndani ya tangi. Aliyageuza kwanza. Kwa nini?

Chukua chupa ya mawese, uitazame alfajiri. Utaona nusu yake imeganda. Tumesema kwamba mazutu hayagandi Kindu. Mawese ndiyo yagandayo Kindu. Na hata yakiwa moto wa digrii 40, ni mazito kutiririka kupita mazutu karibu mara 10. Enjektere haiwezi kuyatoa kama ukungu. Yatoka kama matone. Tone haliungui lote. Sehemu yake hugeuka kuwa makaa katika ncha ya enjektere, sehemu hugandisha pete za pistoni, na sehemu huteleza kando ya silinda mpaka katika oili ya chini, ikaifanya nzito kama uji. Mashini itanguruma juma la kwanza, na la pili, tena kwa harufu nzuri ya jikoni. Baada ya mamia ya saa itakamatwa, na fundi atakapoifungua atakuta ndani yake lami.

Kuna njia mbili za haki za kutumia mawese. Ya kwanza ni ya mashini kubwa au za mwendo wa polepole: matangi mawili, moja la mazutu na moja la mafuta ya mimea. Mashini huwashwa kwa mazutu. Mafuta ya mimea, yaliyochujwa sana, hupashwa joto la digrii 70 au 80 kabla ya kufika pompani. Na kabla ya kuzima, mashini hurudishwa katika mazutu ili mipira isibaki na mafuta yatakayoganda. Kazi hii yataka vifaa, na mtu asiyesahau.

Njia ya pili ni ile ya kuyageuza kwa alkoli pamoja na soda kali. Hapo mafuta hugawanyika: juu hukaa mafuta membamba yafaayo mashini, chini glisirini. Mtu mwenye pupa atasema: "Soda ninayo, mawese ninayo, nitafanya nyumbani." Lakini mama apikaye sabuni Kindu atamweleza kosa lake. Mawese na soda hufanya nini? Hufanya sabuni! Mawese yaliyokaa muda mrefu, yenye ukali, hupenda kugeuka sabuni kabla ya kugeuka mafuta ya mashini, na maji kidogo tu huongeza sabuni hiyo. Ili kufaulu yatakiwa mawese safi yaliyokaushwa, alkoli isiyo na maji, mizani ya kweli, na kuosha mara nyingi mwishoni. Alkoli ya namna hiyo hushika moto upesi, na methanoli ni sumu ya kupofusha macho. Hiyo ni kazi ya kiwanda au ya chuo chenye maabara, wala haifai kufanywa uani penye watoto.

Basi kwa mwenye kinu kimoja cha kusagia shauri ni hili: uza mawese yako, ununue mazutu. Mawese ni chakula, tena ni sabuni.

Adui wa kweli

Utaniuliza: "Kama dawa zote hazifai, mbona mashini yangu yakosa nguvu?" Mara nyingi sana sababu yake ni maji na uchafu. Mazutu ya Kindu yamepita katika mapipa na bidoni nyingi, mvua ikanyesha juu yake, mtu akayachota kwa chombo chenye mchanga. Maji hushuka chini, hushika kutu, na vijidudu huota kati ya maji na mafuta, vikafanya utelezi mweusi unaoziba chujio. Hakuna dawa ya sokoni iondoayo mchanga. Yafaa kufanya hivi:

1. Kabla ya kununua, tia mazutu kidogo katika chupa nyeupe, uitazame juani. Yawe maangavu. Yakiwa na ukungu, au na kitu chini, usinunue. Mwenye mizani aweza kupima pia: lita 20 za mazutu huwa na uzito wa karibu kilo 16 na nusu au 17, mafuta ya taa hayazidi sana kilo 16. Kipimo hiki humkamata mdanganyifu mkubwa, ingawa mdogo aweza kuponyoka.

2. Yaache mazutu yatulie siku nzima katika pipa lililoinama kidogo na lililofunikwa mvua isiingie. Chota kutoka juu. Yale ya chini kabisa usiyatie mashinini.

3. Unapojaza tangi, chuja kwa kitambaa kizito kisichotoa nyuzi, wala usikifute kwanza mikono.

4. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua skrubu iliyo chini ya chujio, umwage maji yaliyokusanyika.

5. Jaza tangi jioni baada ya kazi. Tangi lenye nafasi tupu huvuta hewa yenye unyevu, na usiku unyevu huo hugeuka matone.

6. Badili chujio la mazutu na la hewa kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mashini. Chujio la zamani lisipigwe nondo ukutani na kurudishwa.

Kabla ya kulaumu mazutu, tazama moshi, kwa kuwa moshi husema. Moshi mweusi husema kwamba hewa ni kidogo kuliko mafuta: tazama chujio la hewa na enjektere. Moshi mweupe husema kwamba mafuta hayaungui au maji yameingia. Moshi wa buluu husema kwamba oili ya mashini yaungua, na pete zimechakaa. Kwa magonjwa hayo matatu, mafuta ya taa hayaponyi hata moja.

Hesabu ya nyumbani

Sasa baba na mama wakae pamoja wafanye hesabu. Tuseme mashini yenu hula lita 10 kwa siku, nanyi mwafikiri kutia lita 2 za kitu kingine chenye nusu ya bei. Mtaokoa kila siku bei ya lita moja ya mazutu. Basi mwulizeni fundi bei ya pompa na enjektere, pamoja na safari ya kuzileta kutoka Lubumbashi au Bukavu. Igawanyeni kwa bei ya lita moja. Jumla mtakayoipata ndiyo idadi ya siku ambazo mashini ingepaswa kuvumilia mchanganyiko bila kuumia hata kidogo, ili msipate hasara. Kisha ongezeni siku ambazo kinu kitakaa kimya kikingoja vipuri, na wateja wakaenda kwa jirani. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini yako mahaba mengine yajazayo kibaba cha hasara.

Kwa wenye mashua hesabu ni ya namna nyingine. Kutoka Kindu mto hupitika kwa kilometa zipatazo 300 mpaka Ubundu. Chini ya Ubundu huanza maporomoko saba ya Boyoma, yaendeleayo hata Kisangani. Ndiyo sababu reli ilijengwa hapo, ikafunguliwa mwaka 1906, kwa kuwa hakuna mashua iwezayo kupita. Nahodha ambaye enjektere zake zimeziba karibu na mahali hapo hana pa kusimama. Mto hautamngojea fundi. Abiria waliolipa nauli hawakuulizwa kama wakubali kusafiri kwa mazutu yaliyochanganywa.

Na kwenu vijana muuzao kwa chupa na bidoni kando ya njia, ambao katika miji mingi ya Kongo watu huwaita Kadhafi: kazi yenu ni ya lazima, maana bila ninyi wengi wangekosa mafuta kabisa. Tengeni bidoni za esanse mbali na za mafuta ya taa, ziwe na alama isiyofutika. Anayejua kwamba amechanganya, akauza kama mazutu safi, ameiba. Tena ameiba zaidi ya bei ya lita moja, kwa kuwa amechukua pompa ya mtu, na labda taa ya nyumba ya uzazi katika usiku ambao ilitakiwa kuwaka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Kwa mashini ya mazutu ufa ni chujio lililosahauliwa na pipa lililoachwa wazi mvuani. Fedha uliyotaka kununulia dawa, nunua chujio jipya.